Barua ya wazi kwa wanaotuma wainjilisti visiwani: mlipieni na nauli ya kurudi

Kwa Baba Maaskofu, wachungaji viongozi, wazee wa makanisa, wenyeviti wa kamati za misheni na, kwa namna ya pekee kabisa, watunza hazina wa makanisa ya Mwanza, Magu, Sengerema, Buchosa na Ukerewe.

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ndugu zetu wa upande wa pili, Tumsifu Yesu Kristo.

Tunaoandika ni watu wa nyuma ya pazia: manahodha, waratibu wa misheni na watunza madaftari ya sadaka. Ibada zenu za kuwaaga wainjilisti tunazifahamu, na ni nzuri. Mtumishi anapiga magoti, wazee wanamwekea mikono, kwaya inaimba mpaka watu wanalia, godoro na sufuria vinakabidhiwa, picha zinapigwa. Kesho yake anashuka Mwaloni Kirumba, godoro limefungwa nailoni mvua isililoweshe, anapanda boti na kupotea upande wa Kome, Maisome, Ukara au visiwa vidogo ambavyo hata wazee waliomwekea mikono hawawezi kuvionyesha kwenye ramani. Mwezi wa kwanza posho inafika. Wa pili inafika nusu. Wa tatu anaambiwa avumilie kidogo, jengo linapauliwa. Wa nne simu ya mweka hazina inaita tu.

Baadaye mnasikia ameingia kwenye uvuvi, ameacha wito. Hakuacha. Aliona njaa.

Ombi letu ni moja, na yote yanayofuata ni maelezo yake: msimwekee mtu mikono kabla fedha za miezi 12 hazijawa na chanzo kinachojulikana, na kabla nauli ya kumrudisha nyumbani, yeye na familia yake, haijakaa benki.

Tuanze na wito, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Barnaba na Sauli walipotengwa kwa ajili ya kazi, walikuwa wamekwisha kufundisha Antiokia mwaka mzima; soma Matendo 11:26 kisha 13:1-3. Kanisa lilikuwa linawajua. Kwetu kijana anasimama semina ya Ijumaa, anasema ameona visiwa katika maono, na mwezi wa pili yuko ndani ya mtumbwi. Maono hatuyabezi. Tunachosema ni kwamba kanisa nalo lina kazi ya kuyapima, na kipimo si maneno. Mpeni miezi sita ya kazi isiyo na jukwaa: kutembelea wagonjwa, kufundisha watoto, kutunza daftari la fedha ndogo na kulirudisha likiwa na risiti zote. Halafu mpelekeni kisiwani akae mwezi mwandamo mmoja kamili, siku 29 au 30, bila cheo chochote, akilala kwenye chumba cha kupanga kama mgeni mwingine yeyote. Asiwe na kipaza sauti. Akirudi, mwulizeni mambo matatu: nani mwenye sauti pale mwaloni, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki, watu wanalala saa ngapi, na yeye mwenyewe alikula nini. Majibu hayo yatawaambia mengi kuliko ushuhuda wa nusu saa.

Kwa nini mwezi mwandamo, si mwezi wa kalenda? Kwa sababu visiwani kalenda inayotawala iko angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa pale tu kunapokuwa na giza. Mwezi ukikaribia kupevuka, mwanga wake unatawanya dagaa, kwa hiyo kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi nyavu zinapumzika. Wavuvi wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wengine wanakwenda kwao, wengine wanamaliza fedha. Giza likirudi, kambi inabadilika kabisa. Jioni mitumbwi inatoka, alfajiri inarudi, asubuhi kinamama wanamwaga dagaa mchangani au kwenye chanja na kuwageuza kabla jua halijawa kali, na wanaume wamelala fofofo.

Sasa tazameni ratiba tunazowapa wainjilisti wetu: ibada Jumapili saa nne asubuhi, nakala ya ratiba ya mjini. Wakati wa giza, saa nne ni usiku wa manane wa mvuvi. Mwinjilisti anafungulia spika, anahubiria watoto na bibi wawili, na nyumba ya pili mtu aliyekesha ziwani anageuka kitandani akilaani. Kisha ripoti inakuja kwenu kwamba kisiwa ni kigumu. Mgumu ni aliyepanga saa. Wakati wa giza, wekeni ibada saa tisa alasiri: dagaa wanakusanywa, wanaume wameamka, na bado kuna muda kabla ya kutoka. Wakati wa mbalamwezi, tumieni jioni zote mnazoweza, kwa sababu ndipo watu wana nafasi, na ndipo pombe nayo ina wateja. Semina, mafundisho ya ndoa, mafundisho ya ubatizo, vyote vipangwe kuzunguka mwezi mpevu. Kambi za sangara ni tofauti kidogo, kwa kuwa nyavu na ndoano za sangara hazitegemei taa, lakini nazo mwinjilisti azisome mwenyewe kwa macho yake.

Kambi pia huhama. Samaki wakihama, tajiri mwenye mitumbwi anahama, vibarua wanamfuata, na kanisa la watu 60 linabaki na watu 11. Hapo ndipo hesabu za waongofu zinapodanganya. Kijana mmoja anaweza kuokoka Februari kwenye mwalo huu, akaokoka tena Juni kwenye mwalo mwingine, na akabatizwa kwa mara ya tatu na dhehebu la tatu ifikapo Krismasi. Kila ripoti imeandika ukweli, ila jumla yake ni uongo. Tunashauri mwinjilisti awe na daftari lenye jina, kwao mtu anakotoka, na tajiri anayemfanyia kazi. Mtu akihama, mwinjilisti ampigie simu mwenzake wa mwalo anakokwenda, hata kama mwenzake ni wa dhehebu jingine. Ndiyo, hata wa dhehebu jingine. Mwaka 1909 CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, liliiachia Africa Inland Mission kituo cha Nassa, pale pwani ya Busega ya leo, na kazi ikaendelea. Sisi leo tuna mialo yenye makanisa matatu ya bati yakitazamana, spika zikishindana, na mwalo wa jirani, mwendo wa dakika 40 kwa mtumbwi, hauna hata mtu wa kuzika wafu. Viongozi mkikaa meza moja na ramani ya mialo, hilo linamalizika kwa siku moja.

Tuje kwenye fedha, na watunza hazina mtuvumilie.

Harambee haiwezi kumlea mmisionari. Harambee ni moto wa majani makavu. Mgeni rasmi anaahidi, washarika wanaahidi, mshereheshaji anasoma jumla kubwa, na mweka hazina anaiandika kama mapato. Ng'ombe hajazaa, maziwa yameshagawanywa. Ahadi iandikwe safu yake, fedha zilizoingia safu yake, na posho ipangwe kwa safu ya pili peke yake. Harambee ifae kwa vitu vya mara moja: injini, bati, jaketi za kuokolea maisha. Posho inataka mkondo mdogo usiokauka.

Chukueni mfano. Usharika wa watu 120, kila mmoja akitoa shilingi 500 kila Jumapili kwenye bahasha ya misheni, unapata 60,000 kwa wiki. Kwa Jumapili 52 ni 3,120,000, yaani 260,000 kwa mwezi. Usharika mmoja hautoshi kumtunza mwenye familia, lakini sharika mbili zikiungana zinafika 520,000. Mgawanyo tunaoupendekeza kwa kiasi hicho ni huu: 300,000 posho, 60,000 NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ambayo ni asilimia 20 ya posho, kanisa likikubali kubeba zote bila kumkata, 40,000 bima ya afya na matibabu, 60,000 nauli na mafuta, na 60,000 akiba ya dharura isiyoguswa. Akiba hiyo kwa mwaka ni 720,000, na ndiyo inayokodi boti usiku mama mjamzito anapopata shida, au mtoto anapodegedega kwa malaria. Badilisheni viwango kulingana na bei za mahali na ukubwa wa familia, lakini msifute mstari hata mmoja. Unaofutwa kwanza siku zote ni NSSF, na matokeo yake tunayaona kwenye wainjilisti wa miaka 65 wanaoishi kwenye stoo za makanisa waliyoyaanzisha.

Mfuko huu uwe na akaunti yake na watia saini watatu, mmoja wao mwanamke wa kanisa asiye ndugu wa mchungaji. (Hii ya mwanamke si mapambo. Mahali kina mama wanaposhika daftari la misheni, tumeona mwezi haurukwi.) Fedha zitoke tarehe moja kila mwezi, ziende moja kwa moja kwenye simu ya mwinjilisti, zisipitie kwa mzee wa kanisa wala kwa mchungaji wa mtaa. Na tafadhali, tumeni na ya kutolea. Linaonekana jambo dogo, lakini mtu aliyetumiwa 300,000 kamili hapokei 300,000, na kisiwani wakala mara nyingi hana fedha taslimu za kutosha, kwa hiyo anatoa kidogo kidogo na kukatwa kila mara. Kwa mwaka hiyo ni gunia la mahindi.

Wakati mwingine viongozi husema: Paulo alishona mahema, naye afanye kazi. Ni kweli, Matendo 18:3 ipo. Lakini huyo huyo Paulo aliwashukuru Wafilipi kwa kumletea mahitaji mara kwa mara, Wafilipi 4:15-18, na mistari hiyo haisomwi siku ya bajeti. Kazi ya mikono tunaiunga mkono ikiwa ni ya aina sahihi: kuchaji simu kwa sola, cherehani, kunyoa nywele, kuku. Isiwe hisa kwenye mtumbwi wala mkopo wa gunia za dagaa. Mwinjilisti akishakula fedha ya tajiri, siku vibarua wanapodhulumiwa atahubiri kitu kingine. Na chombo kikizama au nyavu zikiibwa, atajikuta ndani ya ugomvi usio wake. Ziwa hili lilitufundisha hayo mapema sana: Shergold Smith na O'Neill wa CMS waliuawa Ukerewe Desemba 1877, baada ya kunaswa katika ugomvi kati ya mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Hawakuuawa kwa sababu ya mahubiri.

Kuhusu majini, hapa hatutakuwa na lugha laini. Injini ya farasi 15, ikiendeshwa kwa kasi yote, hunywa kama lita 6 hadi 7 kwa saa. Safari ya saa mbili, kwenda tu, ni kama lita 13. Kanuni ya manahodha ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Kwa hiyo safari hiyo inataka madumu mawili ya lita 20 yakiwa yamejaa. Kamati nyingi zinatoa fedha za dumu moja na maombi. Injini za mizunguko miwili zinazotaka mchanganyiko wa 50 kwa 1 zinahitaji mililita 400 za oili kwa kila lita 20 za petroli, oili ya injini za boti, siyo ile iliyobaki kwenye pikipiki ya mchungaji. Ukipunguza oili, pistoni inashika katikati ya ziwa. Ukizidisha, plagi zinajaa masizi na injini inagoma kuwaka wakati mawimbi yameanza. Petroli ya madumu visiwani ichujwe, kwa sababu mara nyingine ina maji. Kwenye boksi la chombo kuwe na plagi mbili za akiba, pini ya propela, spana yake, kamba, tochi isiyoingia maji, kopo la kukomba maji na makasia mawili. Makasia, ndiyo. Injini ni mashine.

Chombo cha kanisa kisajiliwe na kukaguliwa na TASAC, wasimamizi wa serikali wa vyombo vya majini, kama chombo kingine chochote. Msamaha wa kiroho kwenye sheria za majini haupo. Jaketi za kuokolea maisha ziwe sawa na idadi ya abiria, na za watoto ziwe za saizi ya watoto, maana ya mtu mzima inamchomoka mtoto kichwani akiwa majini. Nahodha asikilize utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wa Ziwa Victoria kabla ya kuondoka, atoke alfajiri, na awe amefika kabla upepo wa mchana haujaanza kulichafua ziwa. Na akisema leo hatutoki, basi hakuna askofu wala mgeni wa kutoka nje mwenye mamlaka ya kumbishia. Ratiba ya kipaimara isubiri. Mnakumbuka MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, ikitoka Bugolora kwenda Bwisya, Ukara: kivuko cha abiria 101, na waliokufa walizidi 220. Mnakumbuka MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996. Bado tunaona kwaya ya watu 30 ikipakiwa kwenye mtumbwi wa watu 12, na sare ni nzito zikilowa.

Na maadamu tumeitaja kwaya: ziara za siku tatu ziangaliwe upya. Watu 40 kwa 60,000 kila mmoja, nauli, chakula na malazi, ni 2,400,000. Hiyo ni posho ya miezi minane kwa kiwango cha 300,000. Wakiondoka, mwinjilisti anabaki na deni la mchele dukani. Kama lazima mwende, nendeni sita, wawili kati yenu wakiwa daktari na fundi, na mbebe chakula chenu.

Ubatizo ziwani unahitaji aya yake. Kichocho kwenye mwambao wetu si hadithi. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono waishio majini na kupenya ngozi ya mtu, na hutoka kwa wingi jua likiwa juu, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane au tisa mchana. Ndiyo saa hasa ambazo sisi hupanga ubatizo, ibada ikishaisha. Batizeni asubuhi na mapema, kabla ya saa mbili. Chagueni mahali pa wazi pasipo na matete wala magugu, mbali na wanapooga na kujisaidia watu, mbali na mamba na viboko, na wenyeji watawaonyesha. Watu wakitoka majini wajifute kwa taulo mara moja, wasisubiri wimbo wa tatu. Mbatizaji anayesimama majini saa nzima ndiye aliye hatarini kuliko wote. Yeye na familia yake wapimwe zahanati, na dawa ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 anameza miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600. Dawa hiyo haiui minyoo michanga, kwa hiyo mhudumu wa afya anaweza kumtaka arudi baada ya wiki sita au nane. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Chandarua chenye dawa kiwe cha kwanza kwenye mizigo, kabla ya gitaa.

Kwenye afya kuna jambo jingine, nalo halina mjadala. Mialoni wapo watu wengi wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na mvuvi anayehama anakosa kliniki kwa urahisi. Mwinjilisti yeyote anayemwambia mtu atupe dawa kwa sababu ameombewa, aondolewe kazini siku hiyo hiyo. Kazi yake ni kumkumbusha tarehe ya kliniki na, ikibidi, kumpa nafasi kwenye boti.

Ardhi tutaipitia haraka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Makanisa mengi ya mialoni yamejengwa ndani ya mita hizo kwa sababu ndiko kuliko na watu, na siku ya kubomolewa mnaandika barua za malalamiko. Pimeni kwa futi kamba kabla ya kununua tofali. Mwinjilisti afike na barua ya utambulisho inayotaja usajili wa kanisa, aipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha amwone kiongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi wa mwalo. Akianza na spika kabla ya kubisha hodi, atakuwa mgeni miaka mitano.

Sasa mke wa mwinjilisti. Mnamuaga mume, mnamtaja mama kwenye sentensi ya mwisho, halafu yeye ndiye anayefundisha Shule ya Jumapili, anayepokea wageni wenu, anayelala na wagonjwa. Hakuulizwa. Katika mapatano ya kutumwa awepo, asome, aulizwe peke yake bila mumewe, na atie saini. Yaandikwe pia watoto watasoma wapi, maana mtoto akifika sekondari visiwa vingi vidogo havina shule, na familia inagawanyika bila mtu kupanga bajeti ya kugawanyika huko. Mapatano yenyewe yasizidi kurasa mbili: muda wa miaka miwili, posho na tarehe yake, likizo ya siku 28, nani anamtembelea na mara ngapi, nani anaamua arudi, na atarudi kufanya nini. Hicho cha mwisho hakiandikwi popote. Matendo 14:26-28 inaonyesha Paulo na Barnaba wakirudi Antiokia, wakakusanya kanisa, wakaeleza, wakakaa hapo si muda mchache. Sisi aliyerudi tunamwuliza kwa sauti ya chini, "Umeshindwa?"

Wa kumtembelea aende kila baada ya miezi mitatu, alale usiku mbili, afungue chungu jikoni aone kilichomo. Ripoti ya mwezi iwe ukurasa mmoja: nani amehamia, nani amehama, nani mgonjwa, fedha iliyopokelewa na tarehe iliyopokelewa. Ukurasa huo usomwe kanisani Jumapili, pamoja na ile tarehe. Mkisoma tarehe ya posho mbele ya washarika, haitachelewa mara ya pili.

Tunaomba kila kamati ya misheni iitishe kikao na wainjilisti wake wote wa visiwani, wakiwa na madaftari yao, na mweka hazina akiwa na lake, mistari ilinganishwe mmoja mmoja. Msiwaite wakati wa mbalamwezi, mtawatoa kazini. Waiteni giza likiwa limekolea, wavuvi wakiwa ziwani, na nauli yao itangulie siku mbili, pamoja na ya kutolea.

Wenu katika utumishi,
Manahodha na waratibu wa misheni wa njia ya visiwani
Kirumba, Mwanza